Pemba ina barabara, misitu na bahari safi. Mbona wageni wote wanaishia Unguja?

#1 Tairi la Akiba
Wakuu salaam. Nimerudi juzi kutoka visiwani. Unguja nimeizoea, kwa hiyo safari hii mimi na mama watoto tukavuka hadi Pemba, tukakodi kigari Chake Chake na kukizunguka kisiwa kuanzia Mkoani hadi Ras Kigomasha.

Kilichonimaliza ni ile barabara ya zamani ya Chake kwenda Wete. Kona, mteremko, kilima, kona tena, na miembe mikubwa imeinamia lami pande zote mbili kama handaki la majani. Vijijini karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya njia, harufu inaingia ndani ya gari hata ukifunga vioo. Tuliopishana nao ni daladala 606, baiskeli na ng'ombe wanaorudi malishoni.

Sasa linganisha na njia ya Nungwi. Kuanzia Mahonda ni foleni ya vibasi vya wageni. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba. Pemba nayo si kisiwa cha kupotea kwenye ramani, inakaribia kilomita za mraba 1,000. Mbona hawafiki?

Msiniambie "matangazo". Hilo ni jibu la mtu asiyetaka kufikiri.

#2 Popo wa Mchana
Picha ziko wapi mkuu? Uzi wa safari bila picha ni risala ya harusi.

#3 Nahodha Mstaafu
Jibu ni bahari, vijana. Kati ya Dar na Unguja maji si marefu, ni rasi ya bara tu imezama. Ukishaiacha Nungwi kuelekea kaskazini mashariki, chini kunafunguka. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Kusi, ule upepo wa kusini, likivuma miezi ya sita na ya saba, mawimbi yanakuja makubwa na abiria wanalala chini na mifuko mkononi. Mtalii aliyelipa fedha zake kupumzika hataki hayo.

Na tusisahau Septemba 2011. MV Spice Islander ilizama njiani kwenda Pemba. Tangu siku hiyo kuna watu hawapandi chombo cha Pemba hata uwape tiketi ya bure.

#4 Binti Konde
Nahodha nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Ndege ndogo kutoka Unguja hadi Chake ni kama nusu saa. Watalii haohao wanapanda vindege vya namna hiyo kwenda Serengeti na hawalalamiki. Anayeogopa meli ni sisi tunaorudi nyumbani na magunia, si wao.

Sababu ni fukwe. Mie nimezaliwa Konde, nakijua kisiwa. Pemba imezungukwa na mikoko na hori zinazoingia ndani mpaka karibu na miji. Ukiwa Chake unaiona bahari, lakini kuoga huogi, ni tope na kaa. Unguja upande wa mashariki mchanga mweupe unakwenda karibu moja kwa moja, Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje, Jambiani. Mwekezaji anapima kwa mita za ufukwe, hapimi kwa miembe.

#5 Tairi la Akiba
Binti Konde, na Vumawimbi je? Mimi ufukwe ule sijaona mfano wake Unguja. Mchanga mpana, hakuna kiti hata kimoja cha kukodisha, wavuvi wawili watatu wanatengeneza nyavu. Halafu Paje unayoisifu, maji yakitoka unatembea mpaka unachoka kabla ya kuyakuta. Mtalii anakaa kusubiri bahari irudi.

#6 Binti Konde
Vumawimbi ni kweli. Lakini kufika lazima upite ndani ya msitu wa Ngezi. Ulipita usiku? 😂

#7 Tairi la Akiba
Jioni. Sitaki kuzungumzia.

#8 Volti Mbili Arobaini
Nyote mnazunguka. Tazameni tarehe. Utalii wa Unguja ulianza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, sheria ya uwekezaji ilikuja 1986, na miaka ya 1990 hoteli zikaota kama uyoga. Pemba wakati huo ilikuwa na majenereta. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga ulifika mwaka 2010. Hoteli ya vyumba mia itaendeshwaje kwa dizeli inayoletwa kwa meli? Pemba ilichelewa miaka ishirini na kitu, na waliochelewa harusi wanakuta biriani imebaki mifupa.

#9 Msafiri Haulizi
@Volti hapo umenena. Ila mbona ile hoteli ya Kigomasha yenye chumba cha kulala chini ya maji ilikuja na ikasimama? Chumba kinaelea baharini, dirishani unaona samaki. Mwenye pesa akitaka anajenga popote.

#10 Volti Mbili Arobaini
Kilikuja 2013. Baada ya waya. Ahsante kwa kunisaidia.

#11 Kijana wa Mtambwe
Hamtaki kusema kinachojulikana na kila mtu. Pemba ilikuwa ngome ya upinzani tangu vyama vingi vilipoanza. Januari 2001 watu waliuawa, wengine wakavuka hadi Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Nani angeleta mtalii hapo? Na nani angeitengea fedha barabara ya watu wasiompa kura? Mpaka ulipokuja muafaka, na serikali ya umoja mwaka 2010, ndipo tukaanza kuona...

#12 Msimamizi
Kijana wa Mtambwe, hoja imesomwa. Siasa ina jukwaa lake, tuendelee na safari.

#13 Kijana wa Mtambwe
Unaona? Hata humu inakatwa katikati.

#14 Mwana Amu
Salaam kutoka Lamu, majirani. Mimi hizi hoja za barabara na bandari zinanichekesha. Mji wetu hauna barabara ya gari, vichochoro ni vya watu na punda. Uwanja wa ndege uko kisiwa cha pili, Manda, ukishuka unapanda mashua. Na wageni walikuja tangu zama za mahipi, kabla UNESCO haijatutia kwenye orodha mwaka 2001. Kama barabara na umeme ndiyo siri, sisi tusingemwona mgeni hata mmoja.

Kilichowaleta ni mji wenyewe. Nyumba za mawe, milango ya nakshi, Maulidi. Pemba haina mji wa namna hiyo. Wete na Chake ni miji ya kazi. Ukitoka Unguja Mji Mkongwe, ukaja ukaona maghorofa yale yaliyojengwa na Wajerumani Mashariki pale Madungu, Chake, utapiga picha ya nini?

#15 Binti Konde
Mwana Amu umetukosea adabu, lakini hujasema uongo. Maghorofa yapo Wete na Mkoani vilevile. Nina shangazi anakaa la Wete, ghorofa ya tatu, anafuga kuku barazani.

#16 Maalim Pishi
Nimesoma yote. Niruhusuni niseme kama mtu aliyekula karafuu, akavaa karafuu, akasoma kwa karafuu.

Hamjajiuliza kama Pemba iliuhitaji utalii. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka Pemba, na imekuwa hivyo kwa miaka mingi. Wakati Unguja wanawatafutia kazi vijana wao hotelini, sisi msimu ukifika kisiwa kizima kiko juu ya mikarafuu. Mchumaji analipwa kwa pishi, mama anachambua usiku, mtoto anaangalia majamvi mvua isije ikamkuta. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, hayatupwi, yanapelekwa Wawi kukamuliwa mafuta. Ardhi ya ndani ni mashamba, ya pwani ni mikoko na mpunga. Mtu mwenye mikarafuu hamsini hauzi kiwanja kwa Mtaliani.

Kule mashariki mwa Unguja ardhi ni mawe, ile tunayoita uwanda. Haioti karafuu. Watu walikuwa na nazi, pweza, na mwani tangu 1989. Alipokuja mtu na fedha taslimu kwa ajili ya mchanga usiootesha kitu, walishika kalamu. Ndiyo hadithi yote.

#17 Shoki Shoki
Maalim, lakini karafuu ilianzia Unguja, Seyyid Said aliipanda huko. Sasa hiyo "imekuwa hivyo" umeitoa wapi?

#18 Maalim Pishi
Ilianzia Unguja, sawa. Mwaka 1872 kikapita kimbunga, kikang'oa mikarafuu ya Unguja. Pemba kiliigusa kidogo tu. Tokea hapo mizani ikageuka na haikurudi. Nimesema miaka mingi, miaka mia na hamsini kwako ni michache?

#19 Shoki Shoki
Nimekaa kimya.

#20 Popo wa Mchana
Kwa hiyo kimbunga cha 1872 ndicho kimewanyima Wapemba hoteli. Uzi huu utatufikisha kwa Mreno sasa hivi.

#21 Mchaga wa Baharini
Mnaruka ukweli wote. Watu wanaogopa Pemba kwa sababu ya WACHAWI. Bosi wangu alipangiwa kazi Mkoani akaomba likizo ya ugonjwa.

#22 Binti Konde
Hao wanaoogopa ndio haohao wanaopanda meli kimyakimya kufuata waganga. Tunawaona bandarini, miwani ya jua na kofia. Hotelini wanaandika "biashara".

#23 Fundi Vespa
😂😂😂 Binti Konde, andika kwa upole, bosi wake anaweza kuwa anasoma.

#24 Nahodha Mstaafu
Mzungu haogopi mchawi. Mzungu analipia kumwona.

#25 Mama Muskati
Ahlan. Mimi naishi Muskati, wazee wangu wa Wete, kila nikipata nafasi nakwenda. Nataka kuongeza ambalo wanaume hamkulitaja. Pemba ni kisiwa cha haya. Mwezi wa Ramadhani huoni mtu anakula njiani, mchana hoteli za chakula zimefungwa, mgeni akipita na kaptula watoto wanamwangalia mpaka anajistukia. Hawamfanyii ubaya, watamkaribisha na kumpa madafu. Lakini hawataki kijiji chao kiwe Nungwi. Nimewasikia wazee wakisema hivyo kwa midomo yao, wakati wa kupanga mambo ya kiwanja cha pwani.

Wanangu waliozaliwa huku mara ya kwanza walinung'unika hakuna cha kufanya. Siku ya pili nikawapeleka Kidike kuwaona popo. Wale wakubwa wa Pemba, wasiopatikana pengine popote duniani, wamening'inia kama embe zilizovikwa koti. Waliliwa sana zamani, miaka ya 1980 walikaribia kwisha, wanakijiji wenyewe wakaamua kuwalinda. Wanangu hawakutaka kuondoka. Ikawa mimi ninayenung'unika kwa mbu.

#26 Popo wa Mchana
Hatimaye nimetajwa.

#27 Msafiri Haulizi
Mama Muskati, hoja ya haya nimeielewa, ila Makunduchi nao wana haya, na kila Julai kwenye Mwaka Kogwa wageni wanajaa kuona watu wakipigana kwa migomba. Mila haijazuia kitu pale.

#28 Mama Muskati
Makunduchi mgeni anakuja kutwa, jioni anarudi Paje kulala. Ndiyo tofauti. Kuonwa na kukaliwa si kitu kimoja.

#29 Kijana wa Mtambwe
Tukisema mila, mchezo wa ng'ombe je? Kengeja, Pujini, Wingwi. Baada ya mavuno, kabla mvua hazijaanza, ng'ombe anafungwa kamba ndefu, ngoma na zumari zinalia, wanawake wanaimba, vijana wanamchokoza kwa nguo. Hauawi. Ukikosea unapanda mwembe. Kama ungekuwa Unguja ungeuzwa kwa dola hamsini kichwa.

#30 Shoki Shoki
Huo umeachwa na Mreno. Tulisomeshwa.

#31 Maalim Pishi
Hivyo ndivyo wengi wanavyosema, na Mreno alikuwepo Pemba karne ya 16 na ya 17, sikatai. Lakini bibi yangu alikuwa akiujua kama mchezo wa kuombea mvua, na nyimbo zake hazimtaji Mreno hata kidogo. Mreno na mtu wa mvua wote wawili wanaweza kuwa na sehemu yao.

#32 Popo wa Mchana
NILISEMA tutafika kwa Mreno.

#33 Fundi Vespa
Turudi barabarani, mleta mada alisema barabara. Mimi nazunguka visiwa vyote viwili kwa Vespa, nawapa wanaotaka kwenda.

Unguja, njia ya kusini kwenda Jozani na Paje ni lami tupu na askari wengi. Karibu na Jozani kuna matuta, yaliwekwa kwa ajili ya kima punju waliokuwa wakigongwa, kwa hiyo usiyalaani, punguza mwendo. Pemba askari wachache, kona nyingi, na watoto wanacheza bao kwenye ukingo wa lami. Barabara ya zamani ya Wete ipite asubuhi, jioni jua linakupiga usoni kwenye vilima. Kwenda Pujini kuona magofu ya Mkama Ndume, uliza njia kwa kila unayemwona, utafika. Mtawala yule anasimuliwa kwa ukatili, ati aliwatambaza watu kwa makalio wakibeba mawe. Kisima chake kilitiwa ukuta katikati ili wake wawili wasionane.

Wageni wa nje wanatakiwa kibali cha muda cha kuendesha, waulizie kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Ile bima ya safari ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 ni yao pia, Mtanzania haimhusu.

#34 Tairi la Akiba
Ahsante Fundi. Naongeza: kagua tairi la akiba mwenyewe. Tulilopewa lilikuwa na jina tu. Pancha ilitupata baada ya Konde, na mzee mmoja wa hapo akaliziba kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Akakataa hela. Akataka tumpelekee salamu mwanawe Temeke.

#35 Msafiri Haulizi
Mlipeleka?

#36 Tairi la Akiba
Temeke ni kubwa mkuu. Alitupa jina moja tu, Ali.

#37 Fundi Vespa
Ali wa Temeke kutoka Pemba 😂 Sema tu umeamua kutopeleka.

#38 Kasa Mafia
Naomba kuwavuruga kidogo. Mimi ni wa Mafia. Hatuna karafuu za kutushughulisha hivyo, hatukuwa na mgogoro wa vyama, tuko chini ya Mkoa wa Pwani, tuna Hifadhi ya Bahari tangu 1995, ya kwanza nchini. Tuna papa potwe wanaokuja kila mwaka kuanzia kama Oktoba. Tuna Chole na magofu yake na popo wakubwa wa kwetu. Na wageni wetu ni wachache vilevile. Kwa hiyo siasa, karafuu, haya, mchawi, vyote mlivyotaja vinawahusu Pemba, na bado Mafia matokeo ni hayohayo.

Mimi nadhani Unguja ndiyo ya kuulizwa. Kwa nini Unguja ilipata? Jina "Zanzibar" lilikuwa linajulikana dunia nzima kabla hoteli ya kwanza haijajengwa. Kisiwa kingine chochote pwani hii hakina jina hilo.

#39 Mwana Amu
Lamu je?

#40 Kasa Mafia
Lamu mna mahipi, mlisema wenyewe.

#41 Volti Mbili Arobaini
Kasa, Pemba ni Zanzibar pia. Jina ni lao.

#42 Binti Konde
Ni letu kwenye karatasi. Mgeni akisema "nimefika Zanzibar" ana maana Mji Mkongwe na Nungwi. Nilimwambia mmoja kwamba mimi ni Mzanzibari wa Pemba akaniuliza Pemba iko nchi gani. Na kuna Pemba nyingine Msumbiji, mji wa pwani vilevile, kwa hiyo kuna wanaotafuta hoteli kwetu wakapelekwa huko.

#43 Jambiani Asubuhi
Mimi nawasoma tangu juzi. Naishi Jambiani, na mke wangu analima mwani. Mnavyozungumza kana kwamba Pemba imekosa pepo. Huku samaki wanakwenda hotelini kwanza, sisi tunabakiwa na dagaa kwa bei ya juu. Njia ya kwenda pwani ambayo babu yangu alipita siku hizi ina ukuta, inabidi kuzunguka. Kijana wangu ana kazi ya hoteli, simkatazi, mshahara unalipa ada. Lakini msimu wa mvua ukiingia, Aprili na Mei, wanamwambia apumzike nyumbani bila kitu. Kwa hiyo Maalim Pishi, mwenye mikarafuu yake asiuze.

#44 Kijana wa Mtambwe
Ndugu yangu Jambiani, karafuu nayo ina miaka yake. Mwaka wa mavuno mabaya tunavuka kwenda kutafuta kazi, unajua wapi? Nungwi. Wahudumu wengi wa kule ni Wapemba. Tunakwenda kumhudumia mtalii kisiwa cha jirani kisha tunatuma pesa nyumbani. Bora angekuja kwetu.

#45 Mama Muskati
Bora wachache, wakae majumbani mwa watu, wale chakula cha watu.

#46 Kijana wa Mtambwe
Hao wachache hawatoshi vijana wa Mtambwe peke yake, mama. Pemba tuko zaidi ya laki tano.

#47 Nahodha Mstaafu
Mmeandika kurasa, na hakuna aliyenijibu kuhusu kusi. Wekeni hoteli mia, meli ikitikisika watu watabaki Nungwi.

#48 Binti Konde
Baba Nahodha, NDEGE.

#49 Popo wa Mchana
Mleta mada, picha.

#50 Tairi la Akiba
Simu ya mama watoto ndiyo yenye picha, na yuko Moshi kwa mama yake mpaka Jumapili. Wakati huo, aliyewahi kulala Kiweni upande wa Shamiani anipe bei, na kama gari linafika au ni mashua tu. Mwakani nataka kuanzia kusini.

#51 Fundi Vespa
Kiweni ni kisiwa, gari unaliacha upande wa Kengeja na unavuka kwa mashua. Patana kabla hujapanda, si ukiwa katikati ya maji. Na umpelekee Ali salamu zake kwanza.